Uchovu Huanzia Kwenye Ratiba: Shifti za Usiku na Alfajiri Uwanja wa Ndege wa Mwanza

Marubani na wahudumu wa ndani ya ndege wanahesabiwa saa zao. Kanuni za usafiri wa anga zinaweka kikomo cha muda wanaoweza kuwa kazini, na muda wa mapumziko wanaotakiwa kuupata kabla ya safari inayofuata. Hesabu ikivuka kikomo rubani haruki, hata kama abiria wamejaa ukumbini. Mwaka 2020 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, liliwaingiza waongoza ndege wa minarani katika utaratibu wa namna hiyo.

Sasa watazame wanaoipokea ndege hiyo hiyo ikishatua Mwanza. Yupo anayeielekeza kwa ishara mpaka isimame na anayeweka kabari kwenye magurudumu. Wapo wapakiaji wanaoingia tumboni mwa ndege kwa magoti, dereva wa trekta ya mizigo, mjaza mafuta, mkaguzi aliyekaa mbele ya skrini ya eksirei, wasafishaji, askari wa zimamoto, na dada wa kaunta aliyekupa pasi ya kupandia ndege. Wengi wao wanalindwa na sheria ya kawaida ya kazi tu, ile ile inayomhusu karani wa ofisi. Mpakiaji anaweza kuwa macho tangu jana asubuhi na bado akakabidhiwa trekta ya kuendesha pembeni mwa ndege yenye abiria 70, na hakuna kanuni ya anga inayomtaka mtu amuulize amelala saa ngapi.

Mazungumzo kuhusu uchovu wa watu hawa huishia kwenye tabia zao. Alikuwa baa. Hapendi kulala mapema. Mchana anaendesha bodaboda. Mara nyingine ni kweli. Lakini sehemu kubwa ya uchovu ilishaandikwa kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani wiki mbili kabla, na anayejua kuisoma ratiba hiyo anaweza kukuwekea kidole kwenye siku na saa ambayo mtu atasinzia kazini. Nataka tujifunze kuisoma hivyo.

Kinachoendelea mwilini

Usingizi unaendeshwa na mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni muda uliokaa macho. Kadiri unavyokaa macho, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya kwenye ubongo na kukuvuta ulale, ukilala inapungua. La pili ni saa ya ndani ya mwili, kikundi kidogo cha chembe hai kilicho chini ya ubongo, karibu na pale mishipa ya macho inapokutana. Kinapokea habari za mwanga kutoka machoni na kupanga joto la mwili, homoni, njaa na umakini kwa mzunguko wa karibu saa 24. Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017 kwa kueleza jinsi jeni zinavyoiendesha saa hiyo.

Kwa mtu aliyezoea kuishi mchana, saa hiyo hufika chini kabisa kati ya saa 8 usiku na saa 12 asubuhi. Joto la mwili linashuka, macho yanakuwa mazito, mtu anasoma namba ile ile mara mbili na haimkai kichwani. Aliyelala vizuri mchana atazipita saa hizo akiwa na nafuu, lakini hawezi kuzikwepa.

Chukua usiku wa kwanza wa shifti, ambao wengi wanauona mwepesi kwa sababu wanatoka mapumzikoni. Mtu ameamka saa 12 asubuhi kama kawaida, kapeleka watoto shule, kafanya shughuli zake, jioni kaoga na kwenda kazini saa 2 usiku. Ikifika saa 5 usiku ametimiza saa 17 macho. Watafiti Drew Dawson na Kathryn Reid walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 anafanya kazi za mkono na macho kama mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi zinamzuia dereva kushika usukani. Akifika saa 24 macho, anafanana na mwenye asilimia 0.10. Mtu wetu atazifikia hizo 24 saa 12 asubuhi, wakati ndege za kwanza zinaandaliwa. Hajaonja tone. Angelala kwa muda wa saa moja na nusu au mbili alasiri ile, kabla ya kutoka nyumbani, hali yake ingekuwa tofauti kabisa, na kwa ushauri wa kumpa mtu mmoja mmoja, huu ndio ninaouweka mbele ya mingine yote: usiingie usiku wa kwanza bila kulala mchana wake.

Kosa la uchovu kwa kawaida halina kelele. Juni 1990 ndege ya British Airways iliyotoka Birmingham kwenda Málaga ilipoteza kioo cha mbele ikiwa angani, nahodha akavutwa nje nusu mwili. Wahudumu wakamshikilia miguu mpaka rubani msaidizi akatua Southampton, na nahodha akapona. Uchunguzi ulikuta kioo kilibadilishwa siku moja kabla, na kati ya bolti 90 zilizokifunga, 84 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa. Aliyezifunga hakuwa mwanafunzi. Alikuwa msimamizi wa shifti mwenye uzoefu wa miaka mingi, akifanya kazi ile kabla ya mapambazuko. Yalikuwepo mengine pia: mwanga hafifu kwenye kabati la vipuri, watu wachache, hakuna wa pili wa kuhakiki. Uchovu hupenda kukutana na mambo ya namna hiyo. Kwa upakiaji, sura yake ni mizigo iliyotakiwa kukaa mbele ikawekwa nyuma, karatasi ya uzito ikasema vingine, na rubani akaruka akiamini karatasi. Au mlango wa shehena uliofungwa bila kuangaliwa mara ya pili. Au mtu anayekatiza njia fupi karibu na panga za ndege ambazo bado zinazunguka, njia ambayo akiwa na akili timamu asingeithubutu.

Alfajiri ya Mwanza ni mapema kuliko inavyoonekana

Shifti za usiku zinaogopwa na kila mtu. Mimi naziogopa zaidi za alfajiri, kwa sababu hakuna anayezihesabu kuwa ni za usiku.

Saa za Tanzania zinafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, unaopita karibu na Mogadishu. Mwanza iko karibu na nyuzi 33. Tofauti hiyo ni dakika 48 za jua. Ndiyo maana hapa jua huchomoza wastani wa saa 12 na dakika 45 asubuhi, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta halisogei sana mwaka mzima. Dar es Salaam linatangulia kwa dakika 25 hivi. Ratiba iliyopangwa makao makuu ikisema watu waripoti saa 11 alfajiri, mwili wa mtu wa Mwanza unaiona ni mapema zaidi kuliko mwenzake wa Dar, kwa karibu nusu saa, na wote wawili saa ya ukutani inawaambia kitu kimoja.

Halafu ongeza safari. Uwanja uko Ilemela, kaskazini mwa jiji, kando ya ziwa. Wafanyakazi wanakaa panapopangika: Igoma, Nyakato, Buhongwa, Nyegezi, Kisesa. Saa 9 usiku daladala hakuna, kwa hiyo ama gari la kazini linawazungukia, ama mtu anatafuta bodaboda. Gari likizunguka, wa kwanza kuchukuliwa ndiye anayeumia: ili wa mwisho afike saa 11, yeye anasimama barabarani saa 9 na nusu, maana yake ameamka saa 9 kamili, katikati ya saa zile za chini kabisa. Kwenye karatasi shifti yake imeanza saa 11, lakini mwili wake umeianza saa 9.

Mtu huyo akitaka usingizi wa saa saba lazima awe amelala saa 2 usiku. Saa 2 usiku ni taarifa ya habari, chakula cha familia, mtoto anataka kusaidiwa hesabu, mgeni amekaa sebuleni. Hata nyumba ikinyamaza, mwili wenyewe unakataa: saa mbili tatu kabla ya muda uliozoea kulala, ubongo unakuwa macho sana, kisha ndipo usingizi unakuja. Kwa hiyo anajilaza, anageuka huku na huku, anapata lepe saa 4. Amelala saa tano. Kesho tano tena, keshokutwa tano.

Mwaka 2003 Hans Van Dongen na wenzake walichapisha matokeo ya watu waliopunguziwa usingizi hadi saa sita kwa siku, kwa siku 14 mfululizo. Mwishoni umakini wao ulikuwa umeshuka kama wa mtu aliyekesha hadi usiku mbili bila kulala kabisa. Kibaya zaidi, wenyewe hawakujiona hivyo. Walidhani wana usingizi kidogo tu na wameshazoea. Mtu anayekuambia "mimi nimeshaizoea alfajiri, mwaka wa nne huu" anasema anachokiamini. Alichozoea ni hali ile, na umakini wake unaendelea kushuka bila yeye kuhisi.

Ndiyo sababu mfululizo wa shifti tano au sita za alfajiri haupaswi kuchukuliwa kama wiki ya kawaida ya mchana. Tatu, kisha siku ya kupumzika au shifti ya mchana katikati, ingebadilisha mengi. Na kusogeza saa ya kuripoti kwa wale ambao ndege ya kwanza haiwahusu moja kwa moja, hata kwa dakika 45, hakuhitaji bajeti. Mara nyingi watu wote huitwa kwa wakati mmoja kwa sababu gari ni moja.

Sheria inasema nini, na inaishia wapi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka mipaka ambayo kila mfanyakazi wa shifti anapaswa kuijua kwa kichwa. Saa za kawaida ni 9 kwa siku, 45 kwa wiki, siku 6 kwa wiki. Hakuna siku inayoruhusiwa kuzidi saa 12 pamoja na ovataimu. Ovataimu ni kwa makubaliano, haizidi saa 50 katika wiki nne, na inalipwa mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Ukifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo unastahili mapumziko ya dakika 60. Kati ya kumaliza shifti moja na kuanza nyingine ni saa 12 za mapumziko mfululizo, na kila wiki saa 24.

Usiku kisheria ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Mama mjamzito haruhusiwi kupangiwa usiku miezi miwili kabla ya kujifungua, au mapema zaidi daktari akithibitisha kwamba hawezi, wala miezi miwili baada ya kujifungua. Kazi za usiku zina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Tuihesabu nyongeza hiyo. Kwa mshahara wa mfano wa shilingi 400,000 kwa mwezi, ukigawa kwa 4.333 kupata wiki, kisha kwa saa 45, unapata kama shilingi 2,051 kwa saa. Asilimia 5 yake ni shilingi 103 hivi. Usiku wa saa tisa za kazi unaongeza pungufu ya shilingi 1,000. Kwa fedha hiyo mtu hawezi kulipa bodaboda ya kumfikisha nyumbani asubuhi, na mwajiri hapati sababu ya kuuogopa usiku anapopanga ratiba.

Mahali ambapo ratiba nyingi za shifti huvunja sheria bila mtu kupiga kelele ni kwenye zile saa 12 za mapumziko. Mtu anatoka shifti ya jioni saa 4 usiku, anarudi ya asubuhi saa 12. Hapo katikati kuna saa nane. Toa saa moja ya kusubiri usafiri na kufika, nusu saa ya kuoga na kula, saa moja na nusu ya kuamka na kurudi: zimebaki tano, kama usingizi utakuja papo hapo. Wengi wanaikubali kwa hiari kwa sababu inawapa siku ndefu ya mapumziko upande wa pili wa wiki, na siwalaumu. Mtu mwenye kibanda au shamba Magu anaihitaji siku hiyo. Lakini hiari ya mfanyakazi haiziondoi zile saa 12 kwenye sheria.

Kuna mlango mmoja wa kisheria ambao unavifaa sana viwanja vya mikoani, kwa hiyo ueleweke vizuri. Mapumziko ya saa 12 yanaweza kushushwa hadi 8 kwa makubaliano ya maandishi, ikiwa saa za kazi za siku hiyo zimekatwa katikati kwa muda usiopungua saa tatu, au ikiwa mfanyakazi anaishi hapo hapo kazini. Viwanja ambavyo ndege huja kwa mafungu, asubuhi na jioni, vinaona hapo ndipo nafuu ilipo. Tuseme mtu anafanya kazi saa 11 alfajiri hadi saa 4 asubuhi, anaachiwa, anarudi saa 11 jioni hadi saa 3 usiku. Amefanya saa 9 tu za kazi. Anapumzika saa 8 na kesho yake saa 11 alfajiri yupo tena. Kila kitu kimeandikwa na kusainiwa. Lakini siku yake imenyooka saa 16 kutoka mwanzo hadi mwisho, usiku amelala saa tano, na pengo la mchana hajalitumia kulala kwa sababu kurudi Buhongwa na kuja tena ni nauli mbili. Mpango wa namna hii unavumilika endapo tu kuna chumba cha kulala uwanjani, chenye giza na feni, na mtu hafanyi siku mbili mfululizo. Bila chumba, mimi nisingeusaini.

Sheria inahesabu saa ngapi umefanya. Mwili unahesabu pia saa zipi. Usiku nne mfululizo za saa tisa tisa ni halali kabisa, lakini Simon Folkard na Philip Tucker, waliokusanya takwimu za ajali kazini kutoka tafiti mbalimbali na kuzichapisha mwaka 2003, walikuta hatari ya ajali inapanda kwa wastani wa asilimia 6 usiku wa pili ukilinganisha na wa kwanza, asilimia 17 usiku wa tatu, na 36 usiku wa nne. Kwa hesabu hizo, mbili au tatu mfululizo zinatosha. Mwelekeo wa mzunguko nao una uzito: asubuhi, kisha mchana, kisha usiku. Saa ya mwili kwa watu wengi ina tabia ya kuchelewa kidogo kupita saa 24, kwa hiyo ni rahisi kuisogeza mbele kuliko kuirudisha nyuma. Ratiba inayomtoa mtu usiku ikamleta mchana, kisha asubuhi, inapingana na mwili kila wiki.

Kulala mchana kwenye nyumba ya bati

Usingizi wa mchana baada ya shifti ya usiku kwa kawaida ni mfupi kuliko wa usiku kwa saa mbili hadi nne. Mwili unapanda joto, mwanga unaingia, saa ya ndani inasema amka. Mwanza mtu anatoka kazini saa 1 asubuhi, jua ndiyo kwanza linapanda, na njia nzima kutoka Airport hadi Pasiansi na Kirumba mwanga unampiga usoni. Mwanga huo ndio ishara kubwa kuliko zote ya kuiambia saa ya mwili kwamba siku imeanza. Miwani ya jua na kofia kwa anayerudi nyumbani vinaonekana kama mapambo, lakini vina kazi.

Akifika, nyumba ni ya bati, mara nyingi bila dari. Mpaka saa 5 asubuhi chumba kinafuka joto. Jirani anachomelea mageti, watoto hawajaenda shule, muuza dagaa anapita na wimbo wake. Na kwa jinsi tunavyoishi, mtu aliyeko nyumbani mchana anahesabika kuwa yupo. Anatumwa, anaitwa kikao, anafuatwa na fundi wa maji. Kwa mwanamke ni mara mbili: amekesha kaunta usiku kucha, akifika anakuta vyombo, nguo na chakula cha mchana vinamsubiri yeye, na anayemwambia "lala kwanza mama" ni mmoja kati ya wengi.

Msiba ndio mgumu kuliko yote. Hakuna ratiba inayomruhusu mtu kukosa msiba wa jirani bila kusemwa. Nimeona familia zilizopata njia: mume au mke anatangulia na mchango, aliyetoka usiku analala mpaka saa 7, kisha anakwenda kuzika akiwa binadamu kamili. Inahitaji nyumba nzima ielewe kwamba mchana wake ndio usiku wake, na maelezo hayo atoe yeye mapema, siku ambayo hakuna msiba.

Kwa chumba chenyewe, blanketi zito au kanga mbili dirishani zinatosha kuleta giza. Feni husaidia joto na pia hufunika kelele. Chandarua kishushwe hata mchana. Simu iwekwe kimya, abaki na namba ya mtu mmoja tu wa dharura. Kama saa nne tu ndizo zinapatikana asubuhi, mtu aongeze moja na nusu alasiri kabla ya kurudi kazini. Usingizi uliogawanywa mara mbili bado ni usingizi. Bia mbili za kuvuta usingizi zinamlaza haraka na kumwamsha mapema, na Piritoni inamfuata kazini na uzito wake.

Kahawa ina faida kwa anayeijua. Nusu ya kafeini inabaki mwilini baada ya saa tano hivi, kwa hiyo kikombe cha saa 8 usiku kinasaidia, cha saa 11 alfajiri kinaharibu usingizi wa asubuhi. Hayo yanahusu pia vinywaji vya kuongeza nguvu.

Kazini penyewe

Jambo lenye faida kubwa ambalo uongozi wa kituo chochote unaweza kulifanya ni kuruhusu usingizi mfupi wa usiku, waziwazi, kwa zamu. Watafiti wa NASA waliwapa marubani nafasi ya dakika 40 kupumzika kwenye viti vyao katika safari ndefu. Walilala wastani wa dakika 26, na utendaji wao ukawa bora kwa asilimia 34. Kwa wapakiaji na wakaguzi dakika 20 zinatosha, na nyingine 15 za kunawa uso na kutembea kabla ya kushika chombo. Sasa hivi watu wanalala hata hivyo, ila kwa kujificha: ndani ya trekta, juu ya mabegi, nyuma ya kontena. Anayelala kwa kujificha hana wa kumwamsha kwa wakati na anaweza kukurupuka akashika usukani akiwa kwenye mang'amung'amu. Na sehemu ya kujificha kwenye maegesho ya ndege ni sehemu ambayo magari hayatarajii kukuta mtu.

La pili ni kupanga kazi kwa kuangalia saa. Kazi zenye hatari zinazoweza kusubiri, kama kuhamisha vifaa vizito au kurudisha nyuma magari kwenye nafasi finyu, zisiwekwe kati ya saa 9 na saa 11 alfajiri. Zisizoweza kusubiri zifanywe na wawili, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akitazama. Mkaguzi wa eksirei abadilishwe kiti kila baada ya dakika 20 hivi. Kutazama skrini kimya kimya ndiyo kazi inayolaza haraka kuliko zote.

Ziwa nalo lina ratiba yake. Usiku upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani, hewa inakutana juu ya maji na kupanda, ndiyo maana radi nyingi za Ziwa Victoria hupiga usiku wa manane na alfajiri. Radi zikikaribia, kazi kwenye maegesho husimama. Ndege zinachelewa, shifti ya usiku inazuiwa isubiri, halafu hali ikitulia zinatua mbili tatu kwa pamoja na watu ambao walishamaliza saa zao wanaambiwa wamalizie. Hapo ndipo saa ya 11 na ya 12 ya kazi inapoangukia kwenye haraka kubwa kuliko zote za siku. Kituo kinachojua msimu wa mvua kinaweka watu wawili wa akiba nyumbani, wanaolipwa kwa kusubiri, ili ikitokea hivyo aliyekesha aondoke.

Makabidhiano ya shifti nayo yaandikwe. Aliyechoka anasahau kusema, na aliyeamka saa 9 anasahau alichoambiwa. Mstari mmoja kwenye daftari, "breki ya trekta namba mbili inavuta kushoto", unafika hata kama wote wawili wana usingizi.

Na mtu aweze kusema "leo siko sawa" bila kuandikiwa barua. Akisema mara moja, apewe kazi nyepesi. Akisema mara nyingi, swali la kwanza liwe kwenye ratiba yake, la pili kwenye afya yake. Uchovu usioisha hata baada ya siku mbili za mapumziko unahitaji vipimo: malaria, maana kanda yetu inayo na wanaofanya kazi nje usiku wanaumwa na mbu wakati wenzao wako kwenye vyandarua, wingi wa damu, sukari, presha. Anayekoroma kwa nguvu na kukatika pumzi usingizini, mwenzi wake ndiye anayejua, naye akamwone daktari.

Anayetaka kuanza mahali, achukue ratiba za miezi miwili iliyopita, zile zilizotekelezwa kweli pamoja na mabadilishano na ovataimu, na kalamu nyekundu. Azungushie kila sehemu ambayo kati ya kutoka na kuingia kuna pungufu ya saa 12. Apige mstari chini ya kila usiku wa nne na kila alfajiri ya nne mfululizo. Pembeni ya kila jina aandike saa ambayo gari linamchukua, iliyo tofauti na saa ya kuripoti. Kisha aweke kando ya karatasi hizo daftari la matukio: mizigo iliyogongwa, vifaa vilivyokwaruza, karatasi za uzito zilizorekebishwa, watu walioteleza. Mwakilishi wa chama cha wafanyakazi na msimamizi wa shifti wakikaa na karatasi hizo mezani, wataanza mazungumzo yao na tarehe na saa, na jina la nani alisinzia linaweza kusubiri.